Tandiko la Mbele

Verlin Tveit alikuwa fundi wa lifti katika mji wa Saint Paul, Minnesota, na hadi anakaribia miaka hamsini pilipili alikuwa akiiona tu ndani ya chupa. Kwao watu walilelewa kwa viazi, nyama ya kusaga iliyookwa na uyoga wa kopo, na wakati wa Krismasi samaki mkavu aliyelowekwa mpaka akatepeta. Mkewe, Marlys, alipika katika shule ya msingi, na mwenyewe alikuwa akisema kazi yake ni kumshibisha mtoto bila kumshtua.

Basi Februari moja lifti ya jengo kuukuu kwenye Barabara ya University ikakwama kati ya ghorofa mbili. Ndani alikuwamo mama mmoja kutoka Laos, Manivanh, mwenye mkahawa mdogo pale chini, amekumbatia sufuria ya chakula aliyokuwa akiipeleka kwenye karamu ya ofisi za juu. Verlin alipofika aliupanua mlango upana wa kiganja, akachungulia.

“Mama, uko salama humo?”

“Mimi salama. Chakula ndicho kinapoa.”

“Nivumilie kidogo.”

“Wewe umeshakula?”

“Bado.”

“Basi fungua haraka uje ule. Hao wa juu nimeshawachelewesha, wacha wasubiri.”

Lifti ilipofunguka Verlin alikula amesimama, glavu zimening'inia mfukoni. Wali wa kunata aliumega kwa vidole kama alivyoonyeshwa, akauchovya kwenye mchuzi wa pilipili na samaki, machozi yakamtoka, pua ikamchuruzika, akachovya tena. Jioni ile ile akarudi pale na mkewe. Marlys alionja saladi ya papai bichi, akaweka uma chini. Verlin akadhani imemshinda.

“Vipi?”

“Niache kwanza,” akasema Marlys. “Nina hasira. Miaka yote hii kumbe watu wanakula hivi, na mimi nachemsha karoti.”

Wakawa wateja wa Manivanh tangu siku hiyo, na kila Alhamisi meza ya dirishani ilikuwa yao. Haukupita mwaka Verlin akaanza kusema anataka kupaona huko chakula hicho kinakotoka, na kwamba ataiona nchi hiyo kwa baiskeli. Marlys alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Verlin alikuwa mtu wa baiskeli toka zamani. Hata theluji ilipofika magotini yeye alikwenda kazini kwa baiskeli, akafika na barafu kwenye nyusi.

“Ndege si zinakwenda mpaka huko?” Marlys akamwuliza.

“Ndege inakufikisha. Haikuonyeshi kitu.”

Binti yao, Karna, alikuwa ameshahamia Duluth kuanza maisha yake, nyumba imekuwa kimya. Wakaenda. Walizunguka Laos kusini hadi kaskazini wakiwa wameungua shingo na makalio yamekufa ganzi, na waliporudi Manivanh aliwakalisha jikoni kwake, akawauliza habari za mto wa kwao na barabara ya kwao mpaka chakula cha wateja kikaanza kuungua. Baada ya hapo haikuwa rahisi kuwazuia. Baridi ikikaribia, walitafuta mkahawa wa nchi wanayoitamani, na pale Minnesota haukosekani hata mmoja, wakala humo majira mazima ya kupukutika majani, kisha wakapakia baiskeli zao. Wakirudi huenda tena mkahawa ule ule kulinganisha. Uzbekistan walikula pilau ya kondoo pembeni mwa barabara, na sambusa zilizobandikwa ndani ya tanuri la udongo, na waliporudi mwenye mkahawa wa Kiuzbeki akamwona Verlin akizinusa sambusa zake kwa muda mrefu.

“Semeni ukweli,” akasema. “Za kule ni nzuri zaidi?”

“Za kule zina vumbi,” Verlin akamjibu. “Labda ndilo linalokosekana.”

Safarini Verlin alitangulia, Marlys akafuata. Kwenye tambarare waliweza kwenda wakiongea, lakini mlima ukianza Verlin alikanyaga pedali kama anayefukuzwa, akamwacha mkewe nyuma. Marlys alipanda polepole, anahema, anamtukana kimoyomoyo. Akifika juu humkuta Verlin ameketi kibandani, mabakuli mawili mbele yake, bado hajagusa lake, anamtazama anavyokuja.

“Polepole tu, bibie. Mlima haukimbii.”

“Nyamaza nile.”

Hilo lilimkera Marlys kwa miaka. Aliwahi kumwambia Karna kwamba baba yake ameiona Asia na yeye ameuona mgongo wa baba yake.

Walipokwenda milima ya kaskazini ya Vietnam, Verlin alikuwa ameshastaafu. Siku hiyo kulikuwa na ukungu. Alitangulia kama kawaida, na Marlys alipofika juu hakumkuta. Kibanda kilikuwapo, mama mwenye kibanda alikuwapo, supu ya tambi inachemka, lakini Mzungu mwenye baiskeli hajaonekana. Marlys akasubiri. Kisha akateremka mpaka njia panda, akauliza kwa mikono na kwa maneno machache aliyoyajua, akashika barabara ile nyingine. Alimpata alasiri, mbali sana, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mtu. Mbele yake palikuwa na bakuli moja, limeshakwisha.

“Ulikuwa wapi?” Verlin akafoka.

“Nilikuwa juu tulipokubaliana. Umepita barabara siyo.”

“Barabara ni hii hii.”

“Verlin, ramani ni wewe uliyenionyesha asubuhi.”

Akaichukua ramani mkobani, akaikunjua, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja vibaya na kuirudisha.  Siku zote zilizobaki Marlys alihakikisha anayaona mashati ya Verlin mbele yake, hata mlimani, na kumbe aliweza, maana Verlin alikuwa haendi tena kwa kasi. Kila penye njia panda alisimama kujifanya anafunga kamba za viatu.

Daktari wa Saint Paul aliuita kwa jina lake, ule ugonjwa wa kusahau, akasema utakwenda taratibu. Karna alikuja kutoka Duluth, wakaketi mezani yeye na mama yake huku Verlin akisafisha minyororo ya baiskeli gereji.

“Mama, safari ndiyo zimekwisha.”

“Nani kasema?”

“Nasema mimi. Akipotea huko utamtafutia wapi? Ulisema mwenyewe ulimtafuta nusu siku.”

“Hawezi kupotea akiwa amefungwa kwangu.”

“Utamfunga kamba?”

Hakumfunga kamba. Alitafuta baiskeli ya watu wawili, ile ndefu yenye matandiko mawili na usukani wa mbele tu ndio unaogeuka, akaipata kwa mzee mmoja ambaye mkewe alikuwa amefariki. Yeye akakaa tandiko la mbele. Wakaanza kujifunza kando ya Ziwa Como, wakiyumba, watu na mbwa wao wakiwapisha. Verlin hakupenda. Mguu wake ulitaka kwenda kabla ya ule wa Marlys, mikono yake ikatafuta breki ambazo huko nyuma hazikuwapo.

“Sioni kitu,” akalalamika. “Naona mgongo wako tu.”

“Mimi nimeuona wako miaka yote. Uzoee.”

Verlin akacheka mpaka nusura wapinduke. Marlys alilikumbuka sana cheko lile baadaye, kwa sababu lilikuwa cheko la mtu aliyeelewa.

Walikwenda Taiwan, upande wa mashariki, bahari kulia na milima kushoto. Karna hakuwaaga kwa furaha. Lakini siku za mwanzo zilikuwa njema kuliko Marlys alivyotumaini. Kichwa cha Verlin kilikuwa kimechoka, ila miguu ilikuwa haijasahau, na kwenye miinuko Marlys alihisi nguvu ikija kutoka nyuma kama mkono mgongoni. Kwa mara ya kwanza walipanda mlima pamoja, wakafika juu kwa wakati mmoja, wote wanahema. Walikula maandazi ya mvuke yenye nyama, wakala tambi za ng'ombe, na Verlin alishika vijiti bila kukosea. Hakuuliza walipo. Marlys alianza kuwaza kwamba pengine wanaweza kuendelea namna hii kwa muda.

Karibu na mji wa Taitung kulikuwa na mteremko mrefu, lami nzuri, upepo unapiga masikioni. Nyuma yake Marlys akasikia Verlin anasema kitu.

“Nini?”

“Simamisha. Nishushe.”

“Tuko kwenye mteremko, ngoja tufike chini.”

“Nishushe, nakuambia. Mke wangu kabaki nyuma.”

“Verlin, ni mimi.”

“Sikujui. Mke wangu yuko nyuma, hajui njia.”

Akateremsha miguu yote miwili barabarani. Baiskeli ikapinda, ikalala, ikawaburuza. Marlys alivunjika mfupa wa mtulinga, ule wa chini ya shingo, na alipofumbua macho aliiona mikoba yao imetapakaa. Verlin hakuwa na jeraha la maana. Alikuwa ameshasimama, anapanda mteremko kwa miguu kurudi walikotoka, anaita jina lake.

“Marlys. Marlys.”

Aliyekuwa akiitwa yuko chini pale, anamjibu, na mwitaji hasikii kwamba amejibiwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matopetope chini ya mwavuli kando ya barabara ndiye aliyekuja mbio. Alimfunika Marlys kwa koti la mvua, akapiga simu, kisha akapanda pikipiki yake ndogo kumfuata Verlin. Alirudi naye amempakia nyuma, Verlin amekaa kimya kama mtoto aliyetoka kulia, topetope mkononi. Alipomwona Marlys chini akapiga magoti.

“Nani kakufanya hivi?” akauliza.

Baada ya hapo hawakusafiri tena. Zilibaki Alhamisi. Marlys alijitahidi kuifanya kila Alhamisi iwe safari, akavaa vizuri, akamchana Verlin nywele, wakapanda basi hadi kwa Manivanh. Verlin alikula vizuri akiwa pale kuliko nyumbani. Harufu ya majani ya viungo ya mkahawa ule ilimtuliza, na akiumega wali kwa vidole mikono yake ilikuwa ya yule yule fundi wa zamani.

Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba waliagiza kama kawaida. Manivanh akaleta kikapu cha wali, nyama iliyokatwakatwa na mnanaa, mchuzi wa pilipili, na mabakuli mawili. Marlys akanyoosha mkono kuchukua bakuli lake. Verlin akalizuia kwa kiganja, bila ukali.

“Samahani, mama. Hilo lina mwenyewe.”

Marlys akarudisha mkono. Siku za nyuma alikuwa akimsahihisha. Mimi ndiye, Verlin, nitazame. Mara ya mwisho alipofanya hivyo Verlin alilia kwa aibu, naye akajiapiza hatamfanyia tena.

“Mwenyewe nani?”

“Mke wangu. Yuko nyuma anakuja. Vilima vinamchosha.”

“Naweza kukaa hapa mpaka afike?”

“Kaa tu. Hana neno yeye.” Akatazama mlango. “Unaendesha baiskeli wewe?”

“Kidogo. Mkeo je, anaweza?”

“Anaweza sana. Ila mlimani anakwenda kama anabeba jiko.”

Marlys akasogeza kiti karibu. “Sasa mbona usimngojee mkapanda pamoja? Mimi mume wangu akinifanyia hivyo ningemchukia.”

“Ananichukia,” Verlin akasema, akatabasamu. “Wacha nikwambie. Nikishafika juu nakaa mahali naiona barabara. Kwanza natazama, hamna kitu. Halafu naiona kofia yake. Halafu uso, mwekundu, umenuna, midomo inatembea, ananitukana huyo. Hajui kama namwona. Nakwenda mbio ili nisikose kumwona akitokea.”

Marlys alikamata ukingo wa meza.

“Ulishawahi kumwambia?”

“Nimwambie ili iweje? Atasema, hiyo ndiyo sababu ya kuniacha? Humjui yule.” Akatazama tena mlango, tabasamu likapungua. “Leo kachelewa.”

“Atafika.”

“Chakula kinapoa.”

“Kula wewe. Hatakasirika.”

“Sili kabla yake.”

Wakakaa. Wali ukaanza kukauka juu. Verlin hakula kwa sababu mkewe hajafika, na Marlys hakula kwa sababu bakuli lilikuwa la mkewe. Kila mlango ulipofunguliwa Verlin aliinuka nusu, akamtazama anayeingia, akaketi tena.  Ndipo Manivanh, ambaye alikuwa akiwatazama toka kaunta, alipokuja na kuchuchumaa kando ya kiti chake.

“Mzee Verlin, dada Marlys kapiga simu. Tairi lake limepasuka huko nyuma. Hajambo, wapo watu wanamsaidia. Kasema ule, usimsubiri.”

“Kasema hivyo?”

“Kasema hivyo. Kasema akikuta chakula kimepoa atakugombeza.”

Verlin akafikiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavuta kikapu. Alikula vizuri. Marlys aliomba radhi kwa sauti ya mgeni, akanyanyuka, akaenda mpaka stoo ya nyuma, akakaa juu ya gunia la mchele. Manivanh akamfuata, akamkuta amejifunika uso kwa mikono.

“Nimekosea, dada?”

“Hapana. Umemlisha.” Akajifuta. “Ila sasa ameshaambiwa asinisubiri.”

 Manivanh akakaa kwenye gunia la pili, wakakaa hivyo mpaka mhudumu alipoita kwamba mzee anatafuta koti lake.

Na kweli Verlin hakumsubiri tena. Pengine ingekuwa hivyo hata bila ya simu ile, ugonjwa ulikuwa umefika hapo. Siku chache baadaye aliacha kuuliza habari za mkewe, akaacha kutazama milango. Marlys alitamani hata ile adha ya kuwekewa kiganja juu ya bakuli. Verlin alipoanguka bafuni na Marlys akashindwa kumwinua, Karna alikuja, na safari hii mama yake hakubishana. Wakampeleka katika makao ya wazee yaliyo ng'ambo ya mto.

Chakula cha kule kilisagwa chote, karoti peke yake, nyama peke yake, kila kimoja rangi yake na vyote ladha moja. Wauguzi walikuwa watu wema. Marlys alimlisha kwa kijiko, akijua fika chakula kile kilikusudiwa nini, maana alikipika yeye maisha yake yote. Manivanh alipika supu nyepesi akaileta mwenyewe kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Verlin aliinusa, akafumba macho, lakini kumeza akashindwa, akakohoa mpaka muuguzi akaja mbio. Manivanh alirudi na chupa yake ikiwa imejaa, akalia ndani ya basi.

Homa ya mapafu ilimshika mwezi wa Machi. Karna na mama yake walikaa naye kwa zamu, na asubuhi moja Marlys alitoka kwenda kunawa uso, aliporudi Verlin alikuwa amekwisha kwenda. Muuguzi alisema hutokea hivyo mara nyingi, kwamba wengine husubiri wapate nafasi ya kuondoka wakiwa peke yao. Marlys akamshukuru. Hakuliamini neno hilo, wala hakulikataa.

Mazishi yalifanyika kanisani kwao, Kilutheri, na chini ya kanisa akina mama wakaandaa nyama ya kuokwa na viazi na kahawa nyepesi. Manivanh naye alileta vyakula vyake, akavipanga mwisho wa meza kwa unyenyekevu. Watu wakachukua kidogo kwa adabu. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Verlin zamani alichovya, akatokwa na jasho, akasema huyu ndiye aliyemharibu rafiki yangu, kisha akajaza sahani. Marlys alisimama pembeni, akashikana mikono na kila mtu, na hakula chochote.

Majira ya joto yalipoingia Karna alimwomba mama yake ahamie Duluth. Marlys akasema atafikiri. Alhamisi alikaa nyumbani. Hakuweza kwenda kwa Manivanh, wala kwa Wauzbeki, wala kwa Wavietnam. Kila mahali palikuwa na meza inayomfahamu. Mwishowe alipanda basi la upande mwingine wa mji, akashuka mahali asipopajua, akaingia mkahawa wa Kihabeshi ambao Verlin hakuwahi kuutaja. Msichana wa hapo alimletea sinia pana, mkate laini umetandazwa wote, michuzi juu yake, sehemu ya watu wawili au watatu.

“Ni nyingi sana hii,” Marlys akamwambia.

“Hatuna ndogo, mama. Kwetu watu hawali peke yao. Utakachobakiza nitakufungia.”

Alianza na dengu upande ulio karibu naye. Zilikuwa zimeungwa kwa kiungo ambacho hakukifahamu, kikali, chenye utamu kwa mbali, na akainua uso aulize ni nini. Kiti cha mbele kilikuwa na mkoba wake tu. Akainama, akaendelea kula upande wake, polepole, akaacha ule mwingine kama ulivyoletwa.